Gary Kildall: Mwalimu aliyezipa kompyuta ufunguo, dunia ikamkumbuka kwa siku moja

Hapa Bujumbura ubishi wa kompyuta hauishi. Pita katikati ya mji, kwenye maduka yanayozunguka eneo lilipokuwa soko kuu kabla halijateketea kwa moto Januari 2013, utawakuta watu wazima wanabishana kama mashabiki wa mpira. Mmoja anaapa kwamba hakuna kama Windows. Mwingine, aliyewahi kuishi Ubelgiji, anasema mashine ya kweli ni ya Apple na hizo nyingine ni mabati. Kijana aliyetoka chuo kikuu anawaona wote wamelala, kwa sababu yeye anatumia Linux na hajalipa hata faranga moja.

Sisi tuliorejea kutoka Tanzania tumeongeza ubishi mwingine wa kwetu. Laptopu zinazopita mpaka wa Kobero zikitokea Dar es Salaam zina kibodi ya Kiingereza. Zile zinazoletwa na ndugu kutoka Ubelgiji na Ufaransa zina kibodi ya Kifaransa, ambayo herufi A imekaa mahali pa Q, na tarakimu hazipatikani mpaka ubonyeze kitufe kingine. Mtu aliyejifunza kuchapa Kigoma, ukimkalisha mbele ya mashine ya ofisi ya Bujumbura, ataonekana kama hajui kusoma. Basi kila upande unasema kibodi yake ndiyo bora.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mara nyingi wafanyabiashara wanaovuka Gatumba kwenda Uvira, au wanaoshuka Kigoma, hunijia kuniuliza wanunue ipi. Badala ya kuwajibu moja kwa moja, nimezoea kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake halijulikani sana kwetu, ingawa kazi yake imo ndani ya kompyuta nyingi zinazouzwa mjini. Huyo ni Gary Kildall, Mmarekani aliyefariki mwaka 1994.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kila mbishi wa kompyuta anaamini methali hiyo: kwamba mashine iliyo bora ndiyo itakayoshinda, na kwamba iliyoshinda lazima ndiyo bora. Maisha ya Kildall yanatudai tuifikirie upya.

Mtoto wa nahodha

Gary Arlen Kildall alizaliwa Mei 19, 1942, huko Seattle, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Marekani. Ukoo wa baba yake ulitoka Norway, na ulikuwa ukoo wa bahari. Babu yake alianzisha shule ya kufundisha mabaharia namna ya kuongoza meli, na baba yake, ambaye naye alikuwa nahodha, aliiendeleza.

Shuleni Gary hakung'ara. Alipenda zaidi magari na mitambo kuliko vitabu, akawa mtu wa kufungua vitu na kuvifunga tena ili ajue vinavyofanya kazi. Alipomaliza sekondari alifundisha katika shule ya familia. Kuongoza meli enzi hizo kulikuwa ni hesabu tupu: pembe, nyota, saa na majedwali. Hapo ndipo alipogundua kwamba hesabu anaziweza, na kwamba kufundisha kunampendeza. Akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington, mjini humo humo, akiwa na nia ya kuwa mwalimu wa hisabati.

Nia hiyo ilibadilika alipokutana na kompyuta. Miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba. Mwanafunzi aliandika maagizo yake, yakatobolewa kwenye kadi, akazikabidhi kadi hizo dirishani, kisha akasubiri jibu. Kildall alinasa. Alihama hisabati tupu akaingia sayansi ya kompyuta, na mwaka 1972 akapata shahada ya udaktari.

Katikati ya masomo hayo kulikuwa na vita vya Vietnam, na vijana wa Marekani walikuwa wanaitwa jeshini. Kildall alipangiwa jeshi la wanamaji, lakini kwa sababu ya elimu yake alitumikia kama mwalimu katika chuo cha wanamaji kilichoko Monterey, jimbo la California. Wenzake wakapelekwa vitani, yeye akashika chaki. Alioa mapema, mchumba wake wa tangu shule, Dorothy McEwen, na wakafanya maskani yao Pacific Grove, mji mdogo wa pwani karibu na Monterey.

Walimu wenzangu watanielewa nikisema kwamba alama ya ualimu haikumtoka mtu huyu hadi mwisho. Alikuwa na tabia ya kueleza kila alichogundua. Na katika biashara, kama tutakavyoona, tabia hiyo ina gharama yake.

Ufunguo wa ghala

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa kitu kilichoitwa 4004, kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichobeba ubongo mzima wa kompyuta. Wakubwa wa biashara hawakukiona kama kompyuta. Walikiona kama kifaa cha kuwekwa kwenye mashine za kupigia hesabu. Kildall alijipatia kimoja, akaanza kukiandikia programu, na muda si mrefu akawa anafanya kazi za ushauri Intel huku akiendelea kufundisha. Aliwaandikia lugha ya kuzipa amri mashine hizo ndogo, iliyoitwa PL/M, nao wakaipokea.

Tatizo lililobaki lilikuwa ni mahali pa kuhifadhi kazi. Wakati ule programu na kumbukumbu za mashine ndogo zilitunzwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ulikuwa wa polepole na ulichanika. Diski laini, zile ambazo sisi tulizijua kwa jina la flopi, zilikuwa zimekwishatokea, lakini mashine ndogo hazikujua namna ya kuzitumia. Kildall alipata kiendesha diski, akashindwa kukiunganisha, mpaka rafiki yake wa chuoni, John Torode, alipotengeneza sehemu ya umeme iliyokosekana. Kildall akaandika programu ya kukisimamia. Akaiita CP/M. Hiyo ilikuwa mwaka 1974.

Kwa mfanyabiashara naielezea hivi. Diski ni ghala. CP/M ni mtunza ghala. Yeye ndiye anayejua gunia gani liko rafu ipi, nafasi gani iko wazi, na nani anatoa nini. Bila mtunza ghala unaweza kuwa na mali tele usiipate hata siku moja. Kazi hiyo ya utunza ghala ndiyo wataalamu wanayoiita mfumo endeshi, na Windows, Linux na ule wa Apple zote ni watunza ghala wa namna hiyo.

Kildall aliwapelekea Intel programu hiyo. Hawakuitaka. Basi yeye na Dorothy wakaanzisha kampuni yao nyumbani, Pacific Grove, ambayo baadaye ilijulikana kama Digital Research. Gary aliandika programu, Dorothy akashika ofisi, wateja na hesabu. Waliitangaza CP/M kwenye magazeti ya mafundi wa kompyuta kwa dola 70.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 1974 mambo yalikwenda upande mwingine. Serikali ya Tanzania, ambayo ilikuwa imepata hasara katika kuweka hesabu zake kwenye kompyuta, ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Sisemi kwamba ilikosea kila kitu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na mashine zile zilikuwa ghali. Nakumbusha tu kwamba wakati mlango unafungwa Dar es Salaam, mwalimu mmoja wa California alikuwa anafungua mlango ambao ungeifanya kompyuta iwe ya mtu binafsi.

Hatua yake kubwa zaidi ilifuata miaka michache baadaye. Watengenezaji wa mashine walikuwa wengi, na kila mmoja alitengeneza kwa namna yake. Kampuni ya IMSAI ilipotaka CP/M kwenye mashine zake, Kildall alichoka kuiandika upya kwa kila aina. Akaigawa mara mbili. Sehemu kubwa ikabaki ileile kwa mashine zote, na sehemu ndogo tu, inayozungumza na vyuma vya mashine husika, ndiyo ikawa ya kubadilishwa. Hiyo sehemu ndogo aliiita BIOS.

Madereva wa malori wanaelewa haraka. Tela ni lilelile na mzigo ni uleule. Unachobadilisha ni kichwa. Kabla ya Kildall, ukibadili kichwa ilibidi ushushe mzigo wote na kutengeneza tela jipya. Baada yake, mtu aliyeandika programu ya kuchapa barua au ya kutunza hesabu aliweza kuiuza kwa wenye mashine za kampuni nyingi tofauti. WordStar, programu ya kuchapa iliyotamba mwishoni mwa miaka ya 1970, ilianzia kwenye CP/M. Hata wenye mashine za Apple walinunua kadi ya kuchomeka ndani ili watumie programu za CP/M, na kadi hiyo iliuzwa na kampuni changa iliyoitwa Microsoft.

Mimi nilizaliwa na kusoma ukimbizini, katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania. Kompyuta ya kwanza niliigusa mwishoni mwa miaka ya 1990, mashine kuukuu ya msaada, kioo cheusi chenye herufi C ikifuatiwa na alama ya kusubiri amri. Tulikariri kwamba kazi zetu ziko kwenye C, na hakuna aliyeuliza A na B zilikwenda wapi. Jibu ni kwamba zilikuwa za flopi. CP/M iliziita diski zake kwa herufi, A na B, na diski kubwa ya ndani ilipoingia kwenye mashine za kawaida miaka ya 1980 ikapewa herufi iliyofuata. Flopi zimekufa, lakini fungua laptopu yoyote ya Windows leo, C utaikuta palepale.

Siku ya wageni kutoka IBM

Ilipofika mwaka 1980 IBM, kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta duniani, iliamua kutengeneza kompyuta ndogo ya mtu binafsi. Ilikuwa na haraka, kwa hiyo ikaamua kununua sehemu na programu kwa wengine. Wajumbe wake walikwenda kwanza kwa Bill Gates wa Microsoft, karibu na Seattle. Walipouliza habari za mfumo endeshi, Gates aliwaelekeza kwa Kildall. Wawili hao walifahamiana.

Wajumbe walifika Pacific Grove. Kildall, ambaye alikuwa rubani na alipenda kurusha ndege yake mwenyewe, alikuwa amesafiri asubuhi hiyo kwenda kumwona mteja. Waliopokea wageni ni Dorothy na wenzake wa ofisini. Wageni hawakutaka kusema neno mpaka wasainiwe hati ya kutunza siri, ambayo iliwabana wenyeji pande zote huku ikiwaacha IBM huru. Dorothy, akiwa na mwanasheria, alisita kuisaini.

Kuhusu yaliyofuata, masimulizi yanapingana. Kildall alieleza kwamba alirudi alasiri ileile na kuzungumza na wageni. Mmoja wa waliokuwa upande wa IBM alikana kwamba walionana siku hiyo. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa ni malipo: IBM ilitaka kulipa mara moja tu, wakati Digital Research ilizoea kulipwa kwa kila nakala iliyouzwa. Linalojulikana ni kwamba wageni waliondoka bila mkataba, wakarudi kwa Gates.

Gates hakuwa na mfumo endeshi, lakini alijua ulipo. Katika mji wa Seattle, alikozaliwa Kildall, fundi kijana aitwaye Tim Paterson, wa kampuni ndogo ya Seattle Computer Products, alikuwa ameandika mfumo wa kufanya kazi kwenye kipande kipya cha Intel. Aliuandika kwa kufuata kitabu cha maelezo cha CP/M, ili programu za CP/M ziweze kuhamishiwa kwake bila taabu. Paterson amekana siku zote kwamba alinakili maandishi ya ndani ya programu ya Kildall. Microsoft iliupata mfumo huo, na Julai 1981 ikaununua moja kwa moja kwa dola 50,000. Kompyuta ya IBM ilizinduliwa Agosti 12, 1981. Bei ya chini ilikuwa dola 1,565.

Kutokana na siku ile moja ukazaliwa uvumi uliomfuata Kildall hadi kaburini: kwamba IBM ilimgongea mlango na yeye yuko angani anacheza na ndege. Uvumi huo ni mtamu kusimulia, ndiyo maana haufi. Lakini safari ile ilikuwa ya kazi, na mkataba haukuvunjika kwa sababu ya ndege.

Dola 240 kwa dola 40

Kildall alipouona mfumo wa IBM aliutambua. Amri zake na namna ulivyozungumza na programu vilifanana mno na vya kwake. Alitishia kwenda mahakamani. Tatizo ni kwamba sheria ya hakimiliki ya programu ilikuwa bado changa, na hakuna aliyeweza kumhakikishia kwamba atashinda. Wakapatana: yeye asishitaki, na IBM itauza pia CP/M, toleo jipya la CP/M-86, ili mnunuzi achague mwenyewe. Kildall aliamini methali yetu. Chema kitajiuza.

Bei zilipotangazwa, mfumo wa Microsoft uliuzwa na IBM kwa dola 40. Wa Kildall uliuzwa kwa dola 240, yaani mara sita. Tena ulichelewa miezi kadhaa kufika madukani.

Ndugu mfanyabiashara, huhitaji shahada ya udaktari kujua kilichotokea. Weka magunia mawili ya mchele kwenye meza moja, yanafanana kwa macho, moja kwa bei mara sita ya jingine, halafu liite hilo uhuru wa mnunuzi. Digital Research ilipokuja kushusha bei, waandishi wa programu walikuwa wamekwisha kuhamia upande wa pili, na wanunuzi wakawafuata.

Lakini bei haikuwa silaha pekee. Ndani ya mkataba wake na IBM, Gates alikuwa amebaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo uleule. IBM haikuona tatizo, kwa kuwa iliamini utajiri uko kwenye vyuma. Kampuni kama Compaq zilipotengeneza mashine zinazofanana na za IBM, zote zililazimika kwenda Microsoft kununua mfumo. Kifungu hicho cha maandishi ndicho kilichomfanya Gates kuwa tajiri kuliko wote wa wakati wake. Wazee wetu wa biashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Gates alilisoma daftari kabla ya kusaini.

Alichofanya baadaye

Watu wengi wanaposimulia habari za Kildall huishia hapo, kama kwamba alifariki mwaka 1981. Aliishi miaka 13 zaidi, na haikuwa miaka ya kukaa kivivu.

Mashine za IBM zilikuwa zinafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Digital Research ikatoa mifumo ya kufanya kazi kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1985 ikatoa GEM, yenye madirisha na picha za kubonyeza, miezi kadhaa kabla ya toleo la kwanza la Windows. Apple ililalamika kwamba GEM inafanana na Macintosh yake, na Digital Research ikakubali kuibadili. Mwaka huohuo kampuni nyingine ya Kildall ilisaidia kuweka ensaiklopidia nzima ya Grolier kwenye sidii moja, wakati watu wengi waliijua sidii kama kitu cha muziki tu. Mwaka 1988 Digital Research ikatoa DR DOS kushindana ana kwa ana na mfumo wa Microsoft, na wakaguzi wengi waliusifu kuliko ule uliotawala soko.

Na ule ualimu wake ukapata darasa kubwa. Kuanzia mwaka 1983 alikuwa mmoja wa waendeshaji wa kipindi cha televisheni cha Computer Chronicles, kilichowaeleza Wamarekani wa kawaida maana ya mashine hizi. Mara nyingine wageni waliokuja kuonyesha bidhaa zao walikuwa washindani wake, naye aliwauliza maswali kwa upole wa mwalimu.

Hata hivyo, ndani alikuwa anaumia. Ndoa yake na Dorothy ilivunjika miaka ya 1980, na ya pili haikudumu. Digital Research iliuzwa kwa kampuni ya Novell mwaka 1991, naye akapata fedha nyingi, akahamia Texas. Fedha haikuwa shida yake. Shida yake ilikuwa kwamba kila alipokwenda aliulizwa habari ya ndege. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Washington kilimwalika kwenye sherehe ya idara yake ya kompyuta kama mhitimu miongoni mwa wengine, huku msemaji mkuu akiwa Bill Gates, ambaye hakusoma hapo. Jambo hilo lilimchoma. Akaandika kumbukumbu za maisha yake, akawagawia rafiki na jamaa nakala chache mwaka 1993. Pombe nayo ilikuwa imemshika, na watoto wake wamelisema hilo wazi bila kumficha.

Julai 8, 1994, aliumia kichwa katika baa moja huko Monterey, katika tukio ambalo halikupata maelezo kamili. Alifariki siku tatu baadaye, Julai 11, akiwa na umri wa miaka 52. Alizikwa Seattle.

Mwezi huo sisi wa Maziwa Makuu tulikuwa na misiba yetu. Rais wetu Cyprien Ntaryamira alikuwa ameuawa Aprili pamoja na Rais wa Rwanda, Rwanda ilikuwa inatoka kwenye mauaji ya kimbari, na mamia ya maelfu ya watu walikuwa wanavuka kuingia Goma. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusoma habari za mwalimu wa California. Nasema hili ili vijana wasishangae kwa nini hawakuwahi kulisikia jina hilo kwa wazazi wao.

Kilichobaki, na tunachoweza kujifunza

Kesi ambayo Kildall hakuifungua ilifunguliwa kwa namna nyingine baada yake. Mwaka 1996 kampuni ya Caldera, iliyokuwa imeinunua DR DOS, iliishitaki Microsoft kwa kuizuia isishindane kwa haki. Januari 2000 pande hizo zilimalizana nje ya mahakama, na Microsoft ikalipa. Aprili 2014 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme iliweka kibao cha kumbukumbu Pacific Grove, mahali Digital Research ilipoanzia. Mwaka 2016 watoto wake waliruhusu sehemu ya kwanza ya kumbukumbu zake isomwe na wote.

Sasa nirudi kwa wanaoniuliza wanunue ipi. Maisha haya yamenifundisha kwamba kubishana juu ya ipi ni bora hakumalizi jambo. Tazama Linux. Lipo toleo lake lililotolewa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, akaliita Ubuntu, neno ambalo sisi Warundi hatuhitaji mkalimani wake. Kwetu kitu cha ku buntu ni kitu cha bure. Ni bure kweli, na ni zuri. Kama dola 40 iliishinda dola 240, bure ilipaswa kuishinda Windows zamani. Haikushinda madukani kwetu, kwa sababu mashine nyingi zinafika zikiwa na Windows tayari ndani, fundi wa mtaani ameizoea, na karani wa upande wa pili anatuma hati zilizotengenezwa humo.

Kwa hiyo mimi huuliza maswali matatu. Mashine ikiharibika, ni nani hapa mjini atakayeitengeneza, na vipuri atavitoa wapi? Watu unaopelekeana nao kazi, kule Uvira, Kigoma au Kigali, wanatumia nini? Na karatasi ya mauzo inasema nini kuhusu dhamana na leseni? Mwenye studio ya picha anaweza kujibu maswali hayo akaishia kwa Apple, na atakuwa amefanya vema. Mwenye duka la vitenge ataishia kwa kitu cha bei nafuu. Shule isiyo na fedha za leseni inaweza kuweka Linux kwenye mashine kuukuu na watoto wakajifunza vizuri kabisa. Kuhusu kibodi, nunua ile ambayo vidole vyako vinaijua, kwa maana Kifaransa na Kiswahili vyote vinachapika kwa zote mbili. Siku hizi wengi tunafanya biashara kwa simu, na ubishi umehamia kwenye Android na iPhone, lakini maswali ni yaleyale.

Jambo la mwisho si la biashara. Gary Kildall alifundisha mabaharia na wanajeshi, alitoa mfumo uliounganisha mashine za watengenezaji wengi, aliweka ensaiklopidia kwenye sidii, alisimama mbele ya kamera miaka mingi akiwaelimisha watu, na dunia ikamfupisha kuwa mtu wa siku moja ya Agosti. Sisi tuliorejea tunakijua kipimo hicho. Jirani anakuuliza siku mliyokimbia, na siku mliyorudi kudai shamba, kama kwamba miaka ya katikati, ya kusoma, kuoa, kulima na kuzika, haikuwapo. Ndiyo maana darasani sianzi somo lake na wageni wa IBM. Naanza na babu yake wa Seattle, shule ya mabaharia, na kijana asiyefaulu vizuri aliyependa kufungua vitu ili aone vinavyofanya kazi.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Bujumbura.